MikroRNA na Saratani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa vyuo vya afya, kwa wauguzi, na kwa jamaa za wagonjwa ambao wamelisikia neno hili kwa daktari au wamelisoma kwenye simu wakabaki na mashaka. Anayejibu amefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kisiwani Pemba.

MikroRNA ni kitu gani hasa?

Ndani ya kiini cha karibu kila seli mna DNA, ambayo ni hazina ya maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Seli inapohitaji protini fulani, haiitoi hazina yenyewe nje. Hulinakili agizo linalohusika kwenye uzi uitwao RNA mjumbe, na nakala hiyo ndiyo inayotoka kwenye kiini na kwenda kusomwa pale protini zinapotengenezwa. MikroRNA nayo ni RNA, lakini haibebi agizo la protini yoyote. Kazi yake ni kuikamata RNA mjumbe na kuipunguzia nguvu, ama kwa kuizuia isisomwe, ama kwa kuifanya ivunjwe mapema kuliko ilivyokusudiwa.

Kinachoshangaza ni udogo wake. Uzi wa RNA husomwa kama maandishi, na kila kiungo chake cha kikemikali huitwa herufi. MikroRNA ina herufi takriban 22 tu, ilhali RNA mjumbe mara nyingi huwa na herufi maelfu. Anayetaka kuuona udogo huo na aichukue methali ya "Mgeni njoo mwenyeji apone" azihesabu herufi zake bila nafasi: ni 22 kamili. Tena si herufi zote 22 zenye uzito sawa. Ile ya 2 hadi ya 8, sehemu ambayo wataalamu wanaiita mbegu, ndiyo inayotafuta mahali pa kushika kwenye RNA mjumbe, na zilizobaki husaidia kushikilia. Kwa kuwa herufi saba zinazooana si vigumu kupatikana katika maandishi marefu, mikroRNA moja huweza kuzishika RNA za mamia ya jeni, yaani yale maagizo mojamoja ya DNA, na jeni moja huweza kudhibitiwa na mikroRNA kadhaa kwa wakati mmoja. Zaidi ya nusu ya jeni za binadamu zinazotengeneza protini zinakadiriwa kuwa chini ya udhibiti huu.

Wengi huieleza mikroRNA kuwa ni swichi ya kuzima jeni, na mimi sipendezwi na maelezo hayo. Inafanana zaidi na kile kidude cha ukutani cha kurekebishia feni: ukikizungusha, feni haizimiki, inashuka kutoka nne kwenda tatu au mbili. Mshuko wa namna hiyo unaonekana mdogo, lakini protini inayoiambia seli igawanyike ikikaa juu kidogo kuliko inavyopaswa, mwaka hadi mwaka, katika mamilioni ya seli, hapo ndipo hatari inapopata nafasi.

Inatengenezwaje?

Huanza kama uzi mrefu ndani ya kiini cha seli, uzi uliojikunja ukawa na umbo la kibanio cha nywele. Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali) kiitwacho Drosha hukata kile kibanio na kukitenga na uzi uliobaki, kisha kibanio hutolewa nje ya kiini, na huko kimeng'enya cha pili, Dicer, hukikata kichwa. Upande mmoja wa kilichobaki hupakiwa ndani ya protini iitwayo Argonaute, na hapo mikroRNA inakuwa tayari kwa kazi. Majina haya yanafaa kukumbukwa, kwa sababu yatarudi tutakapofika kwenye hitilafu.

Nani aliyeigundua, na kwa nini habari zake zimechelewa kutufikia?

Ilionekana mara ya kwanza kwa mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa takriban milimita 1. Mwaka 1993 Victor Ambros na wenzake walieleza kuwa jeni ya mnyoo huyo iitwayo lin-4 haitengenezi protini, bali RNA fupi ya herufi 22, na Gary Ruvkun akaonesha namna RNA hiyo inavyoizuia jeni nyingine. Kwa miaka saba jambo hilo lilichukuliwa kuwa ni kituko cha mnyoo huyo peke yake. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaipata ya pili, let-7, na hii ikaonekana kuwamo kwa wanyama wengi sana, binadamu akiwa mmoja wao. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024, na bila shaka tuzo hiyo ndiyo iliyolifikisha neno hili kwenye simu za watu wengi wa huku.

Ilijulikanaje kuwa inahusika na saratani?

Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kituo. Ipo saratani ya damu inayowapata zaidi watu wazima, iitwayo lukemia sugu ya limfosaiti, ambapo seli nyeupe za aina moja hurundikana taratibu kwa miaka. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wake hukosa kipande kilekile cha kromosomu ya 13, mojawapo ya mafungu ya DNA, na kwa muda mrefu watafiti walifukua kipande hicho wakitafuta jeni ya protini ambayo kupotea kwake kungeueleza ugonjwa. Kila waliyoichunguza haikuwa yenyewe. Mwaka 2002 George Calin, Carlo Croce na wenzao waliokuwa Marekani walionesha kuwa kilichopotea mahali hapo ni mikroRNA mbili zilizokaa jirani, miR-15a na miR-16-1. Wale waliotangulia walikuwa wakitafuta protini mahali ambapo hapakuwa na protini ya kutafutwa.

Miaka mitatu baadaye ikaeleweka kuwa mikroRNA hizo mbili huishusha protini iitwayo BCL2, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isife. Seli ya damu iliyozeeka au kuharibika hutarajiwa kujiua yenyewe. BCL2 ikizidi, haifi, na zisizokufa ndizo zinazorundikana. Dawa ya venetoclax, ambayo Marekani iliidhinisha kwa baadhi ya wagonjwa wa lukemia hii mwaka 2016, huifunga BCL2 hiyohiyo. Dawa yenyewe si mikroRNA, ila inaziba kwa njia nyingine pengo ambalo mikroRNA zimeliacha.

Je, ni sahihi kusema kuna mikroRNA nzuri na mikroRNA mbaya?

Vitabu vinagawa hivyo, na kwa mwanafunzi anayeanza si vibaya. Katika kundi linalozuia saratani imo let-7, ambayo huzishusha protini za RAS zinazoiamrisha seli igawanyike. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza kuwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao uvimbe wao ulikuwa na let-7 chache waliishi muda mfupi zaidi baada ya kupasuliwa. Zimo pia mikroRNA za familia ya miR-34, ambazo huamshwa na p53, ile protini inayosimamisha mgawanyiko wa seli pale DNA inapoharibika. Katika kundi la pili yumo mtuhumiwa maarufu, miR-21, ambayo imekutwa kwa wingi katika saratani za titi, mapafu, utumbo mpana na nyingine nyingi. Mwaka 2010 ilioneshwa kuwa panya waliofanywa wawe na miR-21 nyingi kupita kiasi walipata saratani ya tezi za limfu, na mikroRNA hiyo ilipofungwa uvimbe ukanywea. Hilo ndilo lililowashawishi watu kwamba saratani inaweza kuwa tegemezi kwa mikroRNA moja.

Hata hivyo, miR-125b huchochea baadhi ya saratani za damu, na hiyohiyo imeonekana kuizuia saratani ya titi. Sababu si ya ajabu: mikroRNA haina kazi nje ya RNA inazozikuta, na seli ya uboho haina RNA zilezile zilizomo katika seli ya titi. Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa mikroRNA fulani "ni ya saratani", muulize kwanza ni saratani ya kiungo gani.

Kitu gani kinazivuruga?

Njia ni nyingi. Kipande cha kromosomu kinaweza kukatika na kupotea nazo, kama tulivyoona, au kinyume chake kikajirudia mara nyingi na kuzizidisha. Jeni ya mikroRNA inaweza kuwapo nzima ila imefungwa kwa alama za kikemikali zinazopachikwa juu ya DNA, ikawa haisomwi. Protini zinazoziamrisha zinaweza kwenda mrama: MYC, ambayo imezidi katika saratani nyingi, huliamsha kundi la mikroRNA sita liitwalo miR-17-92, na mwaka 2005 ilioneshwa kwa panya kuwa kundi hilo huiharakisha saratani ya tezi za limfu. Mwisho, mashine yenyewe ya kuzitengeneza inaweza kuharibika. Hitilafu za Drosha zimekutwa katika uvimbe wa Wilms, ambao ni saratani ya figo ya watoto.

Ugonjwa wa aina hii hurithiwa?

Kwa sehemu ndogo sana. Tangu 2009 inajulikana kuwa wapo watoto wanaozaliwa na nakala moja yenye kasoro ya jeni ya Dicer, na kwamba kasoro hiyo huwaweka katika hatari ya uvimbe adimu wa mapafu unaotokea utotoni, pamoja na uvimbe wa viungo vingine. Ukiacha familia za namna hiyo, mabadiliko mengi ya mikroRNA yanayoonekana katika saratani hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, mtu akiwa ameshakuwa mkubwa, na hayawafikii watoto wake.

Je, kuna uhusiano na maradhi tunayoyajua huku, kama kichocho na virusi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko mengine, kwa sababu linatutoa kwenye vitabu na kuturudisha mitoni na mabondeni kwetu. Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha njia ya mkojo. Mayai ya minyoo yake hukwama katika ukuta wa kibofu, na aliyewahi kuyatazama kwa darubini hawezi kuyasahau: unachuja mililita 10 za mkojo, unaweka kichujio chini ya lenzi, na pale unaliona yai refu lenye mwiba mkali kwenye ncha yake moja. Ukuta wa kibofu unaochomwa na miiba ya namna hiyo kwa miaka mingi hukaa katika mchochota, yaani uvimbe wa jeraha lisilopoa, na kichocho hiki kimetambuliwa kimataifa kuwa ni chanzo cha saratani ya kibofu. Mchochota wa muda mrefu, wa kichocho au wa sababu nyingine, ni miongoni mwa mambo yanayoipandisha miR-21. Aidha, minyoo ya kichocho inatoa mikroRNA zake yenyewe, na watafiti wamezikuta katika damu ya watu wenye maambukizi. Ni jambo la kufikirisha kwamba kipimo cha mrija wa damu kinaweza siku moja kueleza kama mnyoo yumo mwilini, hapa ambapo kampeni za dawa zimeyapunguza maambukizi hadi mayai yamekuwa machache na magumu kuonekana.

Upande wa virusi ushahidi una uzito zaidi. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kina protini iitwayo E6 ambayo huiangamiza p53. P53 ikiondoka, miR-34 inakosa wa kuiamsha, na seli inaendelea kugawanyika bila breki. Kirusi cha Epstein-Barr, ambacho kinahusishwa na ile saratani ya taya kwa watoto aliyoieleza Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, kilikuwa kirusi cha kwanza kugundulika kuwa na mikroRNA zake, mwaka 2004. Kirusi cha sarkoma ya Kaposi, saratani inayoonekana hasa ngozini, kina ujanja kuliko vyote: kinatengeneza mikroRNA ambayo mbegu yake, zile herufi saba, ni sawasawa na mbegu ya miR-155 ya binadamu, kana kwamba kimechonga ufunguo wa bandia wa mlango wetu wenyewe.

Katika ini kuna miR-122, ambayo ndiyo mikroRNA iliyo nyingi kuliko zote katika kiungo hicho. Panya walioondolewa miR-122 hupata ini lenye mafuta, kisha mchochota, kisha saratani. Kwa wagonjwa wengi wa saratani ya ini, ikiwemo inayotokana na homa ya ini aina ya B, miR-122 hushuka pia.

Kuna kipimo cha damu cha mikroRNA cha kugundua saratani mapema?

Matumaini ni ya haki, lakini kwa saratani nyingi jibu la leo ni hapana. Mwaka 2005 ilionekana kuwa mikroRNA takriban 200 zinatosha kuutambua uvimbe umetoka kiungo gani, na mwaka 2008 ikathibitishwa kuwa mikroRNA za uvimbe huelea katika damu bila kuharibika haraka, zikiwa zimekingwa ndani ya vifuko vya mafuta au zimeshikwa na protini. Kipimo kilichokaribia zaidi kutumika hospitalini ni cha miR-371, kwa saratani ya korodani, ambacho kinafanya vizuri kuliko vipimo vya zamani vya damu.

Kwa nini nyingine zimekwama? Sehemu ya jibu nimeishika kwa mkono wangu. Siku moja tulipokea mirija ya damu yenye vizibo vya zambarau iliyotoka kituo kimoja cha kaskazini ya Pemba, imekuja nyuma ya pikipiki kwenye kikapu, juani, barabara ikiwa na mashimo. Tulipoizungusha kwenye mashine ili chembe zikae chini na plazma ibaki juu, plazma ya mirija minne haikuwa na rangi ile ya majani ya chai mepesi. Ilikuwa ya waridi, kama maji yaliyooshewa nyama. Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka. Sasa chembe nyekundu zimejaa miR-451 na miR-16, na zikipasuka humwaga mikroRNA zake zote katika plazma, kiasi kwamba mashine inasoma mtikisiko wa pikipiki na kuuita ugonjwa. Tafiti nyingi za miaka ya mwanzo ziliitumia miR-16 kuwa kipimo cha kulinganishia, na ndiyo maana matokeo ya maabara moja yakashindwa kurudiwa na nyingine. Mirija ile minne tuliitupa, tukaomba damu nyingine. Mama mmoja alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika.

Ongeza hapo kwamba miR-21 hupanda hata kwa kidonda na kwa maradhi ya moyo. Mtu yeyote anayeuza kipimo cha mikroRNA cha "saratani zote" kwa kukutumia ujumbe wa simu anakuuzia kitu ambacho sayansi yenyewe bado haijakipata.

Na dawa je?

Fikra ni mbili: kurudisha mikroRNA iliyopungua, au kuifunga iliyozidi. Jaribio lililotazamiwa sana lilianza mwaka 2013, ambapo nakala ya miR-34 ilifungwa ndani ya matone madogo ya mafuta na kutiwa kwenye mshipa wa wagonjwa wa saratani zilizokwisha kuenea. Kwa wachache uvimbe ulipungua. Mwaka 2016 jaribio lilisimamishwa, kwa kuwa kinga ya mwili iliripuka kwa baadhi ya wagonjwa na wengine walifariki. Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. Mwili huitazama RNA inayotoka nje kama dalili ya kirusi na kuishambulia. Na sifa ileile inayoifanya mikroRNA ivutie, yaani kuzigusa jeni mamia kwa pamoja, ndiyo inayofanya madhara yake yasitabirike kirahisi. Dawa za RNA fupi za aina nyingine zipo, na ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, lakini hiyo ni ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu.

Habbasoda, karafuu au manjano zinaweza kurekebisha mikroRNA?

Kemikali ya manjano imebadilisha viwango vya miR-21 na nyingine katika seli zilizooteshwa maabara. Seli iliyo ndani ya kisahani hupata dozi ambayo mlaji wa pilau hawezi kuifikia kwa kula. Nitaongeza kisa kimoja kwa faida ya walaji wa wali: mwaka 2012 watafiti wa China walitangaza kuwa mikroRNA ya mchele imekutwa katika damu ya watu na kwamba inaathiri jeni za ini. Dunia nzima ikasisimka. Maabara nyingine zilipojaribu kulirudia jambo hilo, nyingi hazikuipata mikroRNA hiyo kwa kiasi cha maana.

Mgonjwa au jamaa yake afanye nini leo?

Atumie vipimo vilivyopo. Uvimbe hutambuliwa kwa kukatwa kinyama na kuchunguzwa na mtaalamu wa patholojia. Dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi hutazamwa kwa kupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, ambapo sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe mbele ya macho ya muuguzi, kwa dakika chache tu. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2018. Mkojo wenye damu, kwa mtoto wa skuli au kwa mtu mzima, upelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Anayehitaji mionzi hupewa rufaa, kwa kawaida kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na jamaa wajipange mapema kwa nauli na mahali pa kufikia, kwa kuwa tiba hiyo hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo.

Nikiombwa damu kwa ajili ya utafiti wa mikroRNA, nikubali?

Uamuzi ni wako. Mtafiti anatakiwa awe na kibali cha maadili kilichotolewa Zanzibar, akusomee maelezo kwa Kiswahili, na akueleze damu itahifadhiwa wapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, na kama utapewa majibu. Mara nyingi hupewi, kwa sababu matokeo ya utafiti wa namna hii bado hayana maana kwa mtu mmoja mmoja. Una haki ya kukataa, na una haki ya kujitoa baada ya kukubali, bila kunyimwa matibabu. Ukikubali, uliza jambo moja zaidi ambalo wengi hawaliulizi: damu yangu itafika maabara baada ya saa ngapi, na kwa chombo gani?